Taa ya Nyumbani Kwanza: Wema Mdogo na Mwanga katika Mapokeo ya Kiyahudi



Naomba nianze na kesi iliyoamuliwa Babuloni katika karne ya 4. Ni Ijumaa, jua linakaribia kuzama, na sikukuu ya Hanuka inaendelea. Maskini mmoja ana mafuta yanayotosha taa moja tu, na sheria inamdai taa mbili. Ya kwanza ni taa ya Sabato, inayowaka ndani ya nyumba usiku ambao kuwasha moto hakuruhusiwi tena. Ya pili ni taa ya Hanuka, inayowekwa mlangoni au dirishani ili wapita njia wakumbuke jinsi Hekalu la Yerusalemu lilivyowekwa wakfu upya mwaka 164 kabla ya Kristo, baada ya kutiwa unajisi na Mfalme Antioko wa Nne. Awashe ipi?

Mwanachuoni Rava, aliyefundisha katika mji wa Mahoza kando ya mto Tigris, alikata shauri bila kusita: taa ya nyumbani itangulie. Sababu yake ni amani ya nyumba. Familia isiyo na taa hujikwaa gizani, hula bila kuonana nyuso, na huipokea siku yake tukufu kwa unyonge. Uamuzi huo umehifadhiwa katika Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya wanazuoni wa Kiyahudi. Maimonides, mwanasheria na tabibu wa karne ya 12, aliuweka mwishoni kabisa mwa sheria zake za Hanuka, akaongeza kwamba Torati yote ilitolewa ili kuleta amani duniani.

Ili tuone uzito wa uamuzi huo, tukumbuke kwamba taa ya Hanuka hairuhusiwi kutumiwa kwa kazi yoyote. Hata kuhesabia fedha kwa mwanga wake kumekatazwa. Kazi yake ni kutangaza muujiza wa Hekalu kuwekwa wakfu upya, basi. Taa ya Sabato ni ya matumizi: mama auone mdomo wa mtoto anayemlisha, mgeni aione njia ya kuingilia. Wanazuoni waliopenda miujiza ya Mungu kuliko maisha yao waliulizwa lipi litangulie, kuutangaza muujiza au kumfaa mtu aliyeko chumbani. Wakamtanguliza mtu.

Hoja yangu jioni ya leo inatoka hapo. Tunapozungumza juu ya wema kuwa mwanga, tunaelekea kuwaza mwanga unaoonekana mbali. Mapokeo ya Kiyahudi yametukuza mwanga wa karibu, unaomfaa mtu mmoja kwa jambo dogo, kisha yakautungia sheria, desturi na taasisi ili usizimike pale moyo wa mtendaji unapopoa.

Moja, kisha mbili

Taa za Hanuka huwashwa kwa usiku nane. Madrasa mbili kubwa za zama za Hekalu la Pili, ya Hillel na ya Shammai, zilitofautiana juu ya utaratibu wake. Wafuasi wa Shammai walisema usiku wa kwanza ziwashwe taa nane, kisha zipunguzwe moja moja. Waliulinganisha utaratibu huo na sadaka za fahali katika sikukuu ya Vibanda, zilizoanza na fahali 13 na kupungua kila siku. Wafuasi wa Hillel walisema mtu aanze na taa moja, aongeze moja kila usiku, kwa kuwa katika mambo matakatifu watu hupanda na hawashuki.

Rai zote mbili zina mantiki. Ya Shammai inafanana na namna tunavyoanza mambo mengi: kwa kishindo, kwa michango mikubwa na hotuba, kisha kidogo kidogo tunatoweka. Ya Hillel ndiyo iliyoshinda, na ndiyo inayofuatwa hadi leo katika kila nyumba ya Kiyahudi inayoadhimisha Hanuka. Usiku wa kwanza, wakati giza ni lile lile na mafuta yapo tele, sheria inaridhika na utambi mmoja. Neno lake kwetu ni kwamba udogo wa mwanzo hauna aibu, mradi kesho kuna nyongeza.

Theluthi moja ya maradhi

Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa karibu mwaka 200, inataja mambo machache yasiyo na kipimo. Mojawapo ni *gemilut hasadim*, yaani matendo ya fadhili. Sadaka ya mali ina kipimo chake: zipo zaka, na wanazuoni wa mji wa Usha walimzuia mtu asitoe zaidi ya moja ya tano ya mali yake, asije naye akawa ombaomba. Fadhili hazikuwekewa mpaka wa juu.

Talmudi inafafanua kwamba fadhili zimeipita sadaka kwa mambo matatu. Sadaka hutolewa kwa mali. Fadhili hutendwa kwa mali na kwa mwili. Sadaka ni ya maskini. Fadhili ni za maskini na tajiri. Sadaka ni ya walio hai. Fadhili huwafikia hata wafu, kwa kuoshwa, kuvishwa sanda na kusindikizwa kaburini. Hapo hakuna anayebaki na udhuru. Asiye na shilingi ana miguu ya kumfikia mgonjwa. Mwenye mali nyingi naye hawezi kujiona amemaliza deni, kwa kuwa tajiri aliyefiwa anahitaji mtu wa kuketi naye sawasawa na mkata.

Kisa cha Rabi Akiva kinalionyesha jambo hili vizuri. Mwanafunzi mmoja aliugua, na wanazuoni hawakwenda kumjulia hali. Akiva, aliyekuwa mwalimu mkubwa wa zama zake, alikwenda. Kwa sababu ya ujio wake chumba kikafagiwa na sakafu ikanyunyizwa maji. Mgonjwa akapata nafuu, akamwambia mwalimu wake kwamba amemrudishia uhai. Akiva akatoka akafundisha kuwa asiyemtembelea mgonjwa ni kama aliyemwaga damu. Simulizi halitaji dawa, wala halitaji dua ya ajabu. Linataja ufagio na maji.

Karibu na kisa hicho, katika Talmudi, kuna hesabu inayonivutia sana. Wanazuoni walifundisha kwamba anayemtembelea mgonjwa humpunguzia sehemu moja ya 60 ya maradhi yake. Mwanachuoni Abaye akauliza swali ambalo mwanafunzi yeyote mwerevu angeuliza: kama ndivyo, kwa nini wasiingie watu 60, mgonjwa akaamka mzima? Rava, yule yule wa kesi ya taa, akajibu kwamba kila mgeni huondoa moja ya 60 ya kile kilichobaki. Fuateni hesabu hiyo mpaka mwisho. Baada ya wageni 60, zaidi ya theluthi moja ya maradhi bado ipo.

Naiheshimu hesabu hii kwa ukweli wake. Haimwahidi mtenda wema kwamba mateso yatakwisha kwa mkono wake. Inampa sehemu yake, ndogo na halisi, na inamwachia nafasi mgeni wa 61. Anayejua kwamba hataimaliza kazi, na kwamba sehemu yake inahesabiwa hata hivyo, hana sababu ya kukata tamaa wala ya kujivuna.

Mkono unaoufundisha moyo

Waswahili tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inaacha swali wazi: huo moyo unapatikana wapi? Je, asiyejaliwa kuwa nao asamehewe?

Maimonides alilijibu swali hilo katika ufafanuzi wake wa Mishna, alioukamilisha Misri mwaka 1168 akiuandika kwa Kiarabu katika herufi za Kiebrania. Alikuwa akifafanua fundisho la Rabi Akiva kwamba mambo hupimwa kwa wingi wa matendo. Chukua watu wawili, anasema. Mmoja ana dinari 1,000 za dhahabu, anampa mhitaji mmoja zote kwa mara moja. Wa pili anatoa dinari moja moja, mara 1,000, kwa wahitaji 1,000. Kiasi ni kile kile. Hata hivyo wa pili ndiye anayekuwa mtu mkarimu, kwa sababu ameirudia tabia ya kutoa mara 1,000 mpaka imemwingia. Yule wa kwanza alisisimka mara moja, na msisimko ukaondoka.

Kwa Maimonides, basi, moyo ni matokeo. Mkono hutangulia, moyo hufuata. Anayengoja ajisikie mkarimu ndipo atoe ameugeuza mpango. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Kiyahudi kuna kisanduku cha sadaka ukutani au juu ya kabati, na wanawake wengi wana desturi ya kutia sarafu humo kabla ya kuwasha taa za Sabato. Sarafu moja haibadilishi uchumi wa mtu yeyote. Sarafu ya kila wiki, kwa miaka 50, humjenga anayeitoa, na mtoto anayemtazama mama yake hujifunza kwamba sadaka na taa huenda pamoja.

Katika karne ya 19, Rabi Israel Salanter wa Lithuania (1810–1883) alianzisha harakati ya kuadilisha nafsi kwa mazoezi ya namna hiyo. Inasimuliwa kwamba siku moja alionekana akinawa mikono kabla ya chakula kwa maji kidogo mno, ilhali waliomzunguka walinawa kwa maji mengi ili kuongeza thawabu. Alipoulizwa, alieleza kwamba mtumishi wa nyumba huyabeba maji hayo kutoka kisimani, na kwamba hataki kuongeza ucha Mungu wake juu ya mabega ya mwingine. Fadhili ya Salanter ilikuwa kujizuia tu. Tendo dogo kiasi kwamba huenda mtumishi mwenyewe hakulijua. Ila ndoo yake siku hiyo ilikuwa nyepesi.

Cheche na mwasha taa

Mwanga ulipata maana ya ndani zaidi mjini Safed, Galilaya, chini ya utawala wa Waosmani. Isaac Luria alifika huko mwaka 1570, akafundisha kwa muda wa miaka miwili hivi, akafa mwaka 1572 akiwa na umri wa miaka 38. Mafundisho yake tunayajua hasa kwa kalamu ya mwanafunzi wake Hayyim Vital. Luria alifundisha kwamba mwanzoni mwa uumbaji nuru ya Mungu ilimiminwa katika vyombo, vyombo havikuhimili, vikavunjika, na cheche za nuru zikatawanyika katika kila kitu kilichopo. Kazi ya mwanadamu ni kuzikusanya na kuziinua cheche hizo kwa matendo yake ya kila siku.

Hata asiyekubaliana na elimu hiyo ya siri ataona matokeo yake katika maisha. Ikiwa cheche zimo katika kila kitu, hakuna mtu wala jambo la kudharauliwa. Mkate anaopewa mwenye njaa una cheche. Mazungumzo ya sokoni yana cheche. Mwanga hauletwi kutoka mbali. Tayari umo, unangoja mkono.

Rabi Shneur Zalman wa Liadi (1745–1812), mwasisi wa tawi la Chabad la harakati ya Uhasidi, aliandika katika kitabu chake *Tanya*, kilichochapishwa mwaka 1796, kwamba nuru ndogo hulifukuza giza kubwa. Kiongozi wa tano wa Chabad, Sholom Dovber Schneersohn (1860–1920), aliulizwa Mhasidi, yaani mfuasi wa Uhasidi, ni nani. Alimfananisha na mwasha taa za barabarani, aliyepita jioni na mti mrefu wenye moto nchani, akiwasha taa moja baada ya nyingine. Moto ule haukuwa mali yake, naye alijua hivyo. Taa zilikuwepo kabla hajafika. Wajibu wake ulikuwa kuifikia kila moja.

Mkwe wa mwanawe, Menachem Mendel Schneerson (1902–1994), aliligeuza fundisho hilo kuwa ratiba. Kuanzia mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 84, alisimama kila Jumapili kwa saa nyingi huko Brooklyn, New York, akimpa kila aliyefika noti ya dola moja na baraka. Dola ile ilikusudiwa kutolewa sadaka. Mafundisho yaliyomlea yalisema kwamba watu wawili wakikutana, ni lazima wa tatu afaidike. Aliendelea hivyo mpaka alipopatwa na kiharusi mwezi Machi 1992. Maelfu waliingia pale wakiwa wapokeaji wakatoka wakiwa watoaji. Hiyo ndiyo maana ya mwanga kuenea: anayeangaziwa hukabidhiwa naye kitu cha kumwangazia mwingine.

Je, wema mdogo unaiua haki?

Hapa lazima nijibu pingamizi zito. Wapo watakaosema kwamba mazungumzo ya wema mdogo ni njia ya kuwasahaulisha maskini haki zao. Mwenye shamba akitoa tabasamu na sarafu, mfumo unaomnyonya mkulima unabaki ulivyo.

Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama mapokeo haya yangeishia kwenye tabasamu. Hayakuishia hapo. Torati inamwamuru mwenye shamba aziache pembe za shamba lake bila kuvuna, pamoja na masuke yaliyoanguka, kuwa haki ya maskini na mgeni. Mishna inaeleza mfuko wa jamii uliokusanywa na watu wasiopungua wawili na kugawanywa na watatu, ili pasiwe na upendeleo. Maimonides anaandika kwamba hajapata kuona wala kusikia jumuiya ya Kiyahudi isiyokuwa na mfuko huo. Katika ngazi zake nane za sadaka, ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo, ushirika wa biashara au kazi kabla hajaanguka, ili asihitaji kuomba.

Hapo wema mdogo na haki hushikana mikono, nao huzaa taasisi. Mwaka 1888 Yisrael Meir Kagan wa Radun, mji uliopo leo nchini Belarusi, alichapisha kitabu *Ahavat Chesed* kilichoeleza kwa kina sheria za kukopesha bila riba na namna ya kuanzisha mifuko ya mikopo hiyo. Leo taasisi ya aina hiyo huitwa *gemach*. Nyingi zimo sebuleni mwa watu: huyu anaazima magauni ya harusi, yule viti vya wageni wa msiba, mwingine vifaa vya watoto wachanga. Mwaka 1976 mwalimu mmoja wa Yerusalemu, Uri Lupolianski, alianza kuwaazima majirani vifaa vya mvuke vya kuwasaidia watoto kupumua. Kazi hiyo ikakua ikawa Yad Sarah, taasisi inayowaazima wagonjwa magongo, viti vya magurudumu na vitanda kote Israeli, bila kujali dini ya anayeomba. Hakuanza na mpango wa taifa. Alianza na jirani aliyebisha hodi.

Mlango unaofunguka pande zote mbili

Swali la mwisho ni hili: mwanga huu unamhusu nani? Talmudi inaamuru kwamba maskini wasio Wayahudi walishwe pamoja na maskini wa Kiyahudi, wagonjwa wao watembelewe na maiti zao zizikwe, kwa ajili ya njia za amani. Sheria hii ilitungwa na watu wachache walioishi chini ya wengi wenye nguvu, na mara nyingi wema huo haukurudishwa.

Wakati mwingine ulirudishwa. Desemba 1993, katika mji wa Billings, jimbo la Montana nchini Marekani, mtu alirusha tofali kwenye dirisha la chumba cha mtoto wa Kiyahudi wa miaka 5, dirisha lililopambwa kwa kinara cha Hanuka. Mji huo ulikuwa na Wayahudi wachache sana. Gazeti la mji, *Billings Gazette*, likachapisha picha ya kinara iliyojaza ukurasa mzima, na maelfu ya familia za Kikristo zikaibandika kwenye madirisha yao. Aliyetaka kurusha tofali jingine hakuweza tena kujua amlenge nani. Kubandika karatasi kwenye kioo ni kazi ya dakika moja, lakini kila nyumba iliyofanya hivyo ilikubali kushiriki hatari ya jirani.

Afrika Mashariki tunao ushahidi wetu. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, jumuiya iliyotokana na uamuzi wa kiongozi wao Semei Kakungulu wa kushika dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, nao wakasali kwa siri. Watu waliopitia hayo wangeweza kuusimamisha ukuta kati yao na wengine. Mwaka 2004 mmoja wao, J.J. Keki, alikwenda mlango kwa mlango kwa majirani zake Waislamu na Wakristo, akawaomba waungane kuuza kahawa yao kwa pamoja. Ushirika wa Mirembe Kawomera, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ulizaliwa hivyo. Mkulima Mwislamu na mkulima Myahudi walioanika kahawa yao pamoja na kuipima kwenye mizani moja wamefundishana mengi zaidi juu ya amani kuliko sisi tunaoitolea mihadhara.

Wajibu wetu

Ndugu zangu, chuo kikuu ni mahali penye taa kubwa. Tunazo shahada, machapisho na sherehe, na ni haki tujivunie. Lakini katika ukumbi huu huu yupo mwanafunzi atakayeshindwa mtihani wiki ijayo kwa kukosa nauli, na yupo mwenzetu anayeuguza peke yake tangu mwanzo wa muhula. Hawa hawahitaji kongamano.

Napendekeza mambo mawili, yote madogo. Kwanza, kila idara ianzishe mfuko wa mikopo isiyo na riba, usimamiwe na watu watatu, ambamo mwanafunzi atakopa nauli au ada ya mtihani bila kudaiwa barua ya mwenyekiti wa mtaa wala simulizi ya umaskini wake. Pili, kila mmoja wetu ashike sehemu yake ya 60: mgonjwa mmoja wa kutembelewa kila wiki, kwa miguu yake mwenyewe, hata kama mgonjwa huyo hatapona.

Mimi nimetia mchango wangu wa kwanza katika mfuko wa idara yetu asubuhi ya leo, na mwezi ujao nitatia tena. Nawaomba mnaotoka ukumbini sasa msingoje moyo uwake. Tieni mkono kwanza.